Kuandaa Tangi la Aksoloti kwa Maji ya Arusha

Aksoloti hahitaji vifaa vya kifahari. Anahitaji maji baridi, yaliyotulia na yasiyo na amonia, yaani sumu itokanayo na kinyesi chake mwenyewe, na kwa sisi tunaoishi Arusha sifa hizo tatu hazipatikani kwa kufungua bomba na kujaza kioo. Nimekuwa nikiandaa tangi hapa Ilboru kwa ajili ya aksoloti wawili ambao bado hawajafika, na kwa kuwa majirani na ndugu wameniuliza mara nyingi kwa nini tangi limejaa maji lakini halina kiumbe ndani yake, nimeona ni vema nieleze kazi yote kwa kirefu, hasa pale ambapo mazingira yetu yanatofautiana na yale yanayozungumzwa katika miongozo ya Ulaya na Marekani. Miongozo hiyo ni mizuri, ila imeandikwa na watu ambao maji yao hayatoki kwenye miteremko ya mlima wa volkano.

Kwa ambaye hajawahi kumwona, aksoloti ni amfibia wa jamii ya salamanda, mwenye kichwa kipana, mkia bapa na matamvua yenye nyuzinyuzi yanayochomoza nje pande zote mbili za kichwa, na akikomaa huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30. Chura tunayemfahamu huanza maisha akiwa kiluwiluwi, kisha hupoteza matamvua na kutoka majini. Aksoloti hubaki na umbo lake la utotoni, hukomaa na kutaga mayai akiwa bado ndani ya maji, na anaweza kuishi miaka 10 hadi 15 bila kukanyaga nchi kavu. Maabara nyingi duniani humfuga kwa sababu mguu wake ukikatika huota upya pamoja na mifupa, misuli na neva zake. Mwaka 2018 jenomu yake, yaani mpangilio mzima wa chembe zake za urithi, ilichapishwa, ikaonekana ina jozi za besi zipatazo bilioni 32, yaani takriban mara kumi ya jenomu ya binadamu.

Kwao ni Xochimilco, eneo la mifereji na mabaki ya maziwa lililoko kusini mwa Jiji la Mexico, mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1998 watafiti walikadiria kuwepo kwa aksoloti 6,000 katika kila kilomita ya mraba, na kufikia mwaka 2014 makadirio yalikuwa yameshuka hadi 36. Uchafuzi wa maji na kupanuka kwa jiji vimechangia, lakini sababu moja inatuhusu sisi kwa namna ya pekee: perege wa Afrika, waliopandikizwa huko ili kuwapatia watu kitoweo, walianza kula mayai na watoto wa aksoloti, wakishirikiana na samaki mwingine wa kigeni aina ya karpu. Samaki tunayemkaanga kila Jumamosi bila kumfikiria zaidi, huko amekuwa miongoni mwa maadui wakubwa wa mnyama huyu. Ndiyo maana sioni haya kusema kwamba asiyekuwa tayari kumtunza aksoloti ipasavyo asimnunue, kwani mnyama aliyebaki kwa wingi ndani ya vioo tu hastahili kufia ndani ya vioo hivyo kwa uzembe.

Jambo la kwanza ni joto, nalo ndilo linaloamua kama ufugaji wenyewe unawezekana mahali ulipo. Maji yanayomfaa aksoloti ni ya nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Huvumilia nyuzi 20 bila shida kubwa, lakini yakipita 22 kwa siku mfululizo huanza kukataa chakula, matamvua yake hunywea, na kuvu hupata nafasi ya kushambulia ngozi. Juu ya nyuzi 24 maisha yake yamo hatarini. Arusha mjini ipo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na Ilboru ni juu kidogo. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambapo mawingu hukaa juu ya Meru hadi adhuhuri na watu hawaachi masweta, maji yaliyoko ndani ya nyumba yenye kuta nene hukaa chini ya nyuzi 20 yenyewe, bila kusaidiwa na kifaa chochote. Taabu ipo kati ya Januari na Machi, wakati joto la mchana linapokaribia nyuzi 29 na maji ya ndani kupanda hadi 23 au 24.

Dada yangu anayeishi Moshi alitaka watoto wake nao wafuge, nami nikamshauri aachane na wazo hilo. Moshi mjini iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 950 hivi, mchana wa Februari hupita nyuzi 30, na usiku haupoi kiasi cha kuyarudisha maji mahali pake. Asiyekuwa na mashine maalumu ya kupozea maji, ambayo mara nyingi huzidi bei ya tangi lenyewe, atakuwa anapambana na hali ya hewa ya mji mzima. Nilimwambia kwamba samaki wa maji ya joto watawafurahisha watoto vile vile na hawatamtesa mtu. Alinuna kidogo, lakini siku hizi ana tangi zuri la gapi.

Mwinuko una faida ya ubaridi, lakini una gharama yake, na sijaona miongozo mingi ikiitaja. Kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua, na oksijeni inayoweza kuyeyuka ndani ya maji hupungua pamoja nayo. Maji ya nyuzi 18 yaliyoko pwani huweza kubeba takriban miligramu 9.5 za oksijeni kwa lita. Maji hayo hayo katika mwinuko wa Arusha hubeba miligramu 8 hivi, na yakipata joto la nyuzi 25 hubaki na 7 tu. Aksoloti hupumua kwa matamvua na kwa ngozi, tena ana mapafu ambayo humwezesha kupanda juu mara mojamoja kumeza hewa, kwa hiyo hatakosa pumzi papo hapo. Hata hivyo bakteria wanaosafisha tangi hawana mapafu, nao hutegemea oksijeni iliyomo majini peke yake. Kwa sababu hiyo pampu ya hewa kwangu ni kifaa cha lazima, ambacho hakipumziki mchana wala usiku.

Tangi lenyewe nililitengenezesha kwa fundi wa vioo hapa mjini. Lina urefu wa sentimita 100, upana wa 45 na kimo cha 40, na limetengenezwa kwa kioo cha milimita 8. Likijaa pomoni hubeba lita 180, lakini mimi hulijaza hadi lita 150 hivi. Aksoloti hutembea sakafuni kuliko anavyoogelea, hivyo upana wa sakafu una maana kubwa kuliko kina, na anayetaka kufuga mmoja tu anaweza kuanza na lita 75 hadi 110 iwapo tangi ni refu na si la wima. La kusisitiza kwa fundi ni silikoni. Nyingi zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni za bafuni, zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa majini. Soma maandishi ya kwenye bomba kabla fundi hajaanza kazi, kisha liache tangi hadi harufu ya siki iishe kabisa, na baada ya hapo ulijaze maji na kuyamwaga mara kadhaa. Usilioshe kwa sabuni. Ngozi ya amfibia hunyonya karibu kila kilichoyeyuka ndani ya maji.

Maji ya lita 150 yana uzito wa kilo 150 kabla hujahesabu kioo, kwa hiyo meza ya kawaida haifai. Langu nimeliweka juu ya jukwaa fupi la matofali lililojengwa juu ya sakafu ya saruji, mbali na ukuta wa magharibi ambao hupigwa na jua la alasiri, na mbali na jiko. Chumba ambacho sakafu yake ni baridi miguuni hata saa tisa mchana ndicho chumba cha aksoloti, hata kama si kile ambacho ungependa wageni wakione.

Sasa nifike kwenye maji, ambayo yamenichukulia muda mwingi kuliko mambo mengine yote kwa pamoja.

Kila aliyekulia Arusha au Meru amewahi kuona meno yenye madoa ya kahawia, na anajua kuwa chanzo chake ni madini ya floraidi yaliyomo katika maji ya kunywa. Madini hayo hutoka kwenye miamba ya volkano ambayo maji hupitia yakishuka kutoka Meru, na kiasi chake hutofautiana sana kutoka chemchemi moja hadi nyingine na kutoka kisima kimoja hadi kingine, hata katika mitaa iliyo jirani. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita kwa maji ya kunywa ya binadamu, na vipo vyanzo vingi kuizunguka Meru vinavyozidi ukomo huo. Tafiti zilizofanywa kwa viluwiluwi wa vyura zimeonyesha kuwa floraidi ikizidi huvuruga ukuaji wao. Kwangu mimi hilo lilitosha kuamua kwamba mnyama atakayeishi ndani ya maji hayo kwa zaidi ya muongo mmoja, akiyanyonya kwa ngozi, asiwekwe katika maji nisiyoyapima.

Wapo wanaodhani kuchemsha kutasaidia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haivukizwi pamoja na mvuke, hivyo maji yanapopungua sufuriani madini hubaki yakiwa yamejilimbikiza zaidi. Njia inayofahamika huku kwetu ni kuyapitisha maji katika chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi, na mtu ambaye tayari ana chujio la namna hiyo jikoni anaweza kulitumia pia kwa tangi.

Sifa ya pili ya maji yetu haizungumzwi sana, ingawa inahusiana moja kwa moja na ile ya kwanza. Maji mengi ya upande wa Meru yana bikaboneti ya sodiamu kwa wingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwa nyingi, ingeshikana na floraidi na kuifanya igande kuwa madini yasiyoyeyuka, lakini kwa kuwa ni chache, floraidi hubaki ikielea huru. Matokeo yake tunapata maji ambayo sabuni hutoa povu ndani yake kwa urahisi mkubwa, yaani maji laini, lakini ambayo kipimo chake cha pH, yaani cha uasidi au ualkali ambapo 7 ni katikati, huelekea 8. Aksoloti hupendelea pH ya kati ya 7.4 na 7.6, ingawa huvumilia kuanzia 6.5 hadi 8, na hupenda maji yenye ugumu kiasi, kwa maana ya kalsiamu na magnesi za kutosha.

Hapa ndipo ushauri wa kigeni unapoweza kumpotosha mtu wa Arusha. Mfugaji wa Uingereza mwenye maji laini huambiwa aweke magamba ya konokono au matumbawe yaliyosagwa ndani ya chujio ili kuongeza ugumu, na kwake ni sawa, kwa sababu maji yake yamepungukiwa kalsiamu na kaboneti pia. Ya kwetu yana kaboneti tele. Kinachokosekana ni kalsiamu na magnesi peke yake, na hizo huongezwa kwa kloridi ya kalsiamu na chumvi ya Epsom, kidogo kidogo, huku ukipima ugumu baada ya kila nyongeza hadi ufike nyuzi 7 au 8 za kipimo cha Kijerumani ambacho vifaa vingi vya kupimia hutumia.

Suluhisho nililolichagua kwa tatizo la floraidi ni maji ya mvua. Vuli hii imenyesha vya kutosha kujaza simtanki, na hesabu yake ni nyepesi: maji ya bomba yenye miligramu 3 za floraidi kwa lita, yakichanganywa na maji ya mvua mara mbili ya kiasi chake, hubaki na miligramu 1. Mchanganyiko huo wa sehemu moja ya bomba kwa mbili za mvua hushusha pia bikaboneti hadi kiwango cha wastani. Sitaki kuiondoa yote, maana ndiyo inayozuia pH isiporomoke ghafla, na maji ya mvua matupu hayana kinga hiyo hata chembe. Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi uliozidi chumvi, ambapo mpishi mwenye akili huacha kuongeza kabla mchuzi haujapoteza ladha.

Mvua nayo ina masharti. Maji ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege kutoka paani, kwa hiyo huyaachia yapotee kabla ya kuelekeza bomba kwenye simtanki. Paa la bati lililopakwa rangi ni salama kuliko bati jipya lisilo na rangi, kwa sababu zinki hutoka kwenye bati hilo na kuingia majini, na zinki ni sumu kwa viumbe hawa, sawa na shaba ya mabomba. Upande wa maji ya bomba kuna klorini, ambayo huondoka iwapo maji yatakaa ndani ya ndoo pana kwa siku nzima huku yakipulizwa hewa. Mwenye haraka anaweza kutumia fuwele za thayosalfeti ya sodiamu, ambazo huiondoa klorini papo hapo.

Maji yakishapata muundo huo bado si maji ya aksoloti. Kinyesi chake na mabaki ya chakula hutoa amonia, na ni lazima wawepo bakteria wa kuigeuza amonia kuwa nitriti, kisha wengine wa kuigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina madhara madogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hawa hawanunuliwi pamoja na tangi. Huja wenyewe na kuota polepole juu ya sponji na mawe, na kazi yao kukamilika huchukua wiki 4 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Katika maji yetu kungoja huko si jambo la hiari. Sumu ya amonia hutegemea pH: kwa joto la nyuzi 20, maji ya pH 7 huwa na asilimia 0.4 tu ya amonia yote katika hali yake ya sumu, lakini pH ikifika 8 kiasi hicho hupanda hadi karibu asilimia 4. Kosa dogo ambalo mfugaji wa mahali pengine angelipita salama, hapa huwa zito mara kumi.

Ili kuwalisha bakteria kabla mnyama hajafika, njia safi ni kutumia amonia ya maabara isiyo na manukato wala sabuni, ukiongeza hadi maji yasomeke miligramu 2 hadi 4 kwa lita, kisha kusubiri isomeke sifuri kabla ya kuongeza tena. Asiyeipata anaweza kufunga dagaa wachache wabichi ndani ya soksi nyembamba na kuwaacha waoze ndani ya tangi. Njia hiyo hufanya kazi, lakini majirani watauliza, na mwenye nyumba atauliza kabla yao. Bakteria hupenda joto, wengi hustawi zaidi kwenye nyuzi 25 hadi 30, kwa hiyo nimeona afadhali kuanza kazi hii wakati wa joto na kuyapoza maji baadaye. Tangi limekomaa pale ambapo amonia ya miligramu 2 ukiitia leo, kesho wakati kama huo amonia na nitriti zote zinasoma sifuri, na nitrati tu ndiyo imeongezeka. Hapo badilisha maji mengi ili nitrati ishuke chini ya 20. Kama mnyama atachelewa, endelea kutia amonia kidogo, la sivyo bakteria watakufa kwa njaa.

Makazi ya bakteria nimeyafanya mawili. La kwanza ni chujio la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa, ambalo halitengenezi mkondo wa maji. Aksoloti anayeishi kwenye mkondo huchoka, matamvua yake hujikunja kuelekea mbele, na hukosa hamu ya kula, kwa kuwa kwao maji ya mifereji hayakimbii. La pili ni boksi la plastiki lenye matundu, lililojazwa mawe mekundu ya volkano yenye vitundu vitundu, ambayo Arusha hayana thamani ya kuuzwa kwa vipimo vya duka la samaki. Mawe hayo yana nafasi kubwa kwa bakteria kujishikiza. Yaoshe, uyaloweke kwenye ndoo kwa wiki moja, upime maji ya ndoo kabla na baada, na uhakikishe yanabaki ndani ya boksi, kwa sababu kingo zake zingemchubua mnyama mwenye ngozi laini namna ile.

Sakafu ya tangi isiwe na kokoto. Aksoloti hula kwa kufungua kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na kilichomo, na kokoto yoyote iliyo ndogo kuliko kichwa chake inaweza kuishia tumboni na kuziba utumbo. Mchanga laini sana hupita bila madhara kwa mnyama aliyekua, ila mchanga mweusi wa ujenzi tunaouona hapa una chembe kali na sikuutaka. Nimetandika vigae vya sakafu visivyong'aa, vilivyogeuzwa upande wa chini ambao ni wa kukwaruza kidogo, ili miguu isiteleze. Juu yake kuna vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi na kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, kingo zote zikiwa zimepigwa msasa. Aksoloti hana kope, na mwanga mkali humsumbua, kwa hiyo taa ya tangi haipo kabisa. Kifuniko ni cha wavu, kwa sababu huweza kuruka, na pia kwa sababu ya feni nitakayoieleza sasa.

Kupoza maji kwa feni ni jambo lililonishangaza kwa urahisi wake. Feni ndogo ya volti 12 inayopuliza juu ya uso wa maji huongeza uvukizaji, na uvukizaji hubeba joto. Katika hewa kavu ya Januari maji huweza kushuka kwa nyuzi 2 hadi 4. Tatizo ni kwamba maji yanayovukizwa huacha madini yake nyuma, kwa hiyo ukifidia upungufu kwa maji ya bomba, kila wiki unaongeza floraidi juu ya floraidi. Kufidia kufanywe kwa maji ya mvua matupu. Mchanganyiko ule wa moja kwa mbili ni wa siku ya kubadilisha maji tu.

Feni ikishindwa, zipo chupa za maji yaliyogandishwa. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: chupa ya lita 1.5 iliyoganda, ikiyeyuka yote na kufikia nyuzi 18, huchukua joto la kutosha kushusha lita 150 kwa nyuzi 1 hivi. Hivyo chupa mbili zinazobadilishana kati ya tangi na friza zinatosha kuivuka alasiri mbaya, na wala hazishushi joto ghafla kiasi cha kumshtua mnyama. Chupa ifungwe vizuri na isichanganywe na zile za juisi za watoto. Umeme unapokatika, pampu na feni huendelea kwa betri ya pikipiki iliyounganishwa na chaja, na friza isiyofunguliwa hutunza barafu yake hadi siku ya pili.

Chakula ni nyungunyungu. Wasichimbwe kwenye shamba la kahawa, hata kama la babu, kwa maana mibuni hupuliziwa dawa zenye shaba dhidi ya kutu ya majani na ugonjwa wa matunda, na shaba hiyo hukaa kwenye udongo. Mimi nawafuga kwenye ndoo yenye maganda ya ndizi. Samaki wasiwekwe pamoja na aksoloti, kwani wadogo wataliwa na wakubwa watamdonoa matamvua, na kama ni aksoloti wawili wawe wa ukubwa mmoja na wa jinsia moja, isipokuwa kama unao mpango wa kutunza mayai mia kadhaa kwa mkupuo.

Kuhusu kumpata mnyama mwenyewe nitasema kwa ufupi. Aksoloti yumo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji kibali cha nchi anakotoka, mbali na vibali vya wanyamapori na vya mifugo vya hapa kwetu. Anayekuuzia mmoja ndani ya mfuko wa plastiki bila karatasi yoyote anakuuzia kesi.

Sharti moja ninalolishikilia linahusu maji yanayotoka. Kusini mwa Jangwa la Sahara hakuna salamanda wa asili, lakini vyura tunao wa kila namna, na magonjwa ya amfibia husafiri na wanyama wanaofugwa. Tanzania imeshaonja jambo hili: chura wa Kihansi, aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto huo peke yake, alipungua sana baada ya bwawa la umeme kupunguza maji, na kuvu aina ya kitridi iligunduliwa miongoni mwa waliobaki. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na waliorudishwa Kihansi miaka iliyofuata walitokana na wale waliokuwa wamezalishwa katika bustani za wanyama za Marekani. Hivyo maji machafu ya tangi langu hayaelekezwi kwenye mtaro unaoshuka mto Themi. Huyatia dawa ya klorini kwenye ndoo, huyaacha hadi kesho yake, kisha huyamwaga kwenye migomba, mbali na mfereji.

Vipimo vya wiki hii ni hivi: amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati 10, pH 7.6, joto nyuzi 20 asubuhi na 21 jioni bila feni. Mtihani wenyewe ni Februari. Iwapo feni na chupa zitayaweka maji chini ya nyuzi 20 mwezi huo wote, nitapeleka maombi ya vibali mwanzoni mwa masika, ili wanyama wafike wakati baridi ya Juni imeshaingia. Yasipokaa chini ya nyuzi 20, tangi litapewa samaki wanaoendana na joto lake.